Oktavia Huanza na Daftari

Mimi ni fundi cherehani, jina langu Beatha, na kwa miaka tisa nimekaa fremu moja ya duka na mtu anayefukuza wateja. Nasema kufukuza kwa sababu sijapata neno jingine. Mtu anaingia na haraka zake, anataka picha nne za pasipoti akajaze fomu, Oktavia anamkalisha kwenye stuli, anafungua kaunta buku, lile daftari lake nene, anamuuliza bibi yake mzaa mama alitokea wapi. Wengine wanadhani ni sensa. Dereva mmoja wa lori la Songea aliinuka akaja kuniambia mimi kwamba huyu dada yangu ana matatizo. Nikamjibu kwamba dada yangu siyo, ila matatizo anayo.

Fremu yenyewe iko Makambako, upande wa wauza mbao. Mbele niko mimi na cherehani, katikati kuna kitambaa cha bluu cha kupigia picha, nyuma ya kitambaa ndiko anakochorea. Vumbi la mbao linaingia kwangu, harufu ya rangi inatoka kwake, na nguo za wateja wangu zinanuka vyote viwili. Tumegombana juu ya hilo mpaka tumechoka, siku hizi tunasalimiana tu.

Oktavia ni mzaliwa wa Lupembe. Mama yake alikuwa mchuma chai, na wenzake wengi pale shambani hawakujua kuandika. Basi Oktavia, tangu darasa la nne, akawa ndiye mwandishi wa barua zao kwa waume waliokwenda kupasua mbao Mufindi. Anaandika, anasoma kwa sauti, mama wa watu anasema hapana, sivyo nilivyosema, wanaanza upya. Mimi huwa namwambia kwamba hapo ndipo alipoharibikia. Alijifunza mapema kuwa mtu akikaa mbele yako huanza na yasiyo na maana, habari ya mvua, habari ya mbuzi, na lile lililomleta hulitoa ukishakaribia kufunga bahasha. Alipomaliza kidato cha nne akaenda Njombe kwa mzee mmoja aliyeitwa Anderson, mchora mabango ya saluni na mabucha, akashika brashi. Kamera aliinunua baadaye, ikiwa imeshatumika na watu wawili kabla yake.

Kwa hiyo ndivyo anavyofanya kazi mpaka leo. Anaandika kwanza, anapiga picha baadaye, kuchora kunakuja mwisho. Nimeshamwuliza kwa nini asianze na picha kama watu wenye akili zao. Akasema macho yana haraka, yakiona kitu mara moja yanadhani yamemaliza. Nikamwambia wateja nao wana haraka. Akacheka, akaendelea kuchonga penseli.

Mwaka jana mwezi wa Juni akaja kaka Silvesta, mfanyabiashara wa mbao, mtu wa miaka hamsini na miwili, kichwa kina mvi na sauti ya kuamrisha vibarua. Alikuwa na kitu amekifunga kwenye leso, leso iko ndani ya mfuko wa nailoni. Akafungua polepole. Ilikuwa picha ndogo ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya mwanaume amevaa koti na kofia ya pama, nusu ya uso iko kwenye kivuli cha kofia. Akasema huyo ni baba yake, Yonathani, aliyefariki mwaka sabini na tisa yeye akiwa na miaka saba, na hakuna picha nyingine duniani.

Ukoo ulikuwa umejengea kaburi kule kwao Mawengi, na mwezi wa Agosti kungekuwa na misa ya kusimika msalaba. Silvesta alitaka ile picha ichorwe kubwa, isimame uani siku hiyo mbele ya watu wote, kisha itundikwe sebuleni kwa mama yake. Mimi alinipa kazi ya kushona sare za familia nzima. Nilipokuwa nampima kifua, akaanza kunieleza bila kuulizwa. Alipofaulu darasa la saba aliionyesha hiyo picha matokeo. Alipotaka kuoa aliiambia jina la binti kabla hajamwambia mtu yeyote. Mpaka leo akiingia nyumbani kwa mama yake huiamkia kwanza. Nilijifanya naangalia futi yangu, maana macho yalikuwa yananiuma.

Oktavia akasema kazi ataifanya, lakini ni nani yuko hai aliyemjua marehemu vizuri. Silvesta akasema ni mama yake tu, wengine wote wameshatangulia. Oktavia akasema basi nipeleke nikamwandike. Silvesta akamtazama yeye, akanitazama mimi. Akauliza umwandike wa nini na picha hii hapa mkononi. Nilimuunga mkono waziwazi, sikuona aibu. Oktavia akaifunga ile picha kwenye leso, akamrudishia kwa mikono miwili. Kaka wa watu akatoka, akafika barabarani, akarudi. Akasema Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tuwe tayari, na asisikie mtu anatafuta sweta.

Tulikwenda na pikapu yake. Njombe tuliikuta ndani ya ukungu, hatukuona hata tulipopita. Mawengi jua lilikuwa limetoka lakini halina nguvu, watu wamejikunyata ukutani. Silvesta akatushusha kwa mama yake, akageuza gari kwenda kutafuta saruji ya kumalizia kaburi. Namshukuru Mungu kwamba aliondoka.

Mama Telesia ana miaka sabini na moja. Ni mwembamba, mchangamfu, haoni vizuri mbali, na ukimkaribia sana anakushika uso kukutambua. Mimi nilianza kupima wakwe na binti yake Scholastica, Oktavia akakaa na mama jikoni, penye moto, daftari likiwa magotini. Nilipomaliza na wengine nikaingia na futi yangu shingoni ili nimpime mama mwenyewe. Ile picha ilikuwa juu ya kigoda. Oktavia alikuwa amemuuliza ilipigwa siku gani.

Mama akasimulia akicheka. Siku hizo alikuja mpiga picha wa kuzunguka vijijini, ana kamera ya miguu mitatu, koti moja na kofia moja. Wanaume wote wa kijiji walipanga foleni wakavaa koti lile lile, mmoja anavua mwingine anavaa. Kisha akaenda vijiji vingine na koti lake, akapeleka kusafisha picha mjini, na angerudi baada ya miezi mitatu kuzigawa. Zamu ya Yonathani ilipofika watu walicheka, maana alikuwa mrefu kama mlingoti. Mikono ya koti ilimfikia hapa, mama akajionyesha, katikati ya kiwiko na kifundo cha mkono.

Koti ni kazi yangu. Sikukusudia ubaya. Niliokota ile picha nikaisogeza kwenye mwanga wa mlango, nikaona mikono ya koti imeshuka mpaka kwenye shina la kidole gumba, na mabega yananing'inia. Ningenyamaza. Mdomo wangu haujawahi kujua kunyamaza.

"Mama, huyu wa hapa koti limemmeza," nikasema.

Mama Telesia akaacha kucheka. Akainuka, akafunga mlango wa jiko, akarudi kukaa. Moshi ukatujaa machoni.

Akatuambia kwamba Yonathani alishikwa na homa na kufa kabla mpiga picha hajarudi. Siku picha zilipogawiwa, jina la Yonathani lilipoitwa akaenda kupokea shemeji yake, mdogo wa marehemu. Yule mpiga picha alikuwa amechanganya, amewapa picha ya mtu wa kijiji kingine, na kwa sababu ya koti na kofia watu wote walifanana. Shemeji aliiangalia, akamwangalia Telesia. Wote wawili walijua. Lakini uani wazazi wa marehemu walikuwa wameshaanza kulia kwa furaha kwamba Mungu amewaachia picha, na mama mkwe wake Telesia ameshaishika kifuani. Telesia alikuwa na miaka ishirini na sita na mjane wa wiki chache. Nani angeanza kusema? Halafu watoto wakakua wanaiamkia kila asubuhi. Shemeji akafa na siri yake, yeye akabaki na yake.

Nilidhani amemaliza. Oktavia hakufunga daftari, mimi ndiye niliyetaka kuaga. Ndipo mama akalitoa lile lenyewe.

"Zamani nikifumba macho nilikuwa namwona," akasema. "Sasa nikifumba macho anakuja huyu wa koti. Nimekaa na picha ya mwanaume nisiyemjua miaka arobaini na mitano, mpaka amemfuta wangu. Nikifa hivi, mwanangu, huko nitamtambuaje?"

Akamuuliza Oktavia kama anaweza kumtafuta. Oktavia akasema ataweza kujaribu, lakini kwa sharti moja, mama awaambie watoto mwenyewe kabla ya siku ya msalaba. Yeye hatamvua Silvesta baba mbele ya watu bila Silvesta kujua. Mama akakubali upesi, upesi mno kwa maoni yangu.

Mimi nilirudi Makambako na vipimo vyangu, Oktavia akabaki siku nne. Hilo daftari nimelisoma, nina ruhusa. Kurasa thelathini na moja. Siku ya kwanza ni upuuzi mtupu, kwamba Yonathani hakupenda majani ya maboga, kwamba alipiga chafya mara tatu kila akitoka jikoni, kwamba alimwogopa jogoo wa jirani. Siku ya pili ndipo yanapoanza macho, kwamba akitaka kukataa jambo hutazama pembeni kwanza, kama mtu anayetafuta pa kupitia. Siku ya tatu kuna masikio, na mwanya, na ngozi ya shingo iliyochomwa na jua la shambani. Ya nne sitaieleza, ni ya mume na mke.

Kisha akaanza kupiga picha. Mama alimwambia masikio yamekwenda kwa Scholastica, paji la uso amelichukua Silvesta, midomo iko kwa mjukuu anayeitwa Fredy, na mabega yako kwa binamu mmoja anayeishi Liganga. Oktavia alikwenda mpaka Liganga kwa bodaboda kupiga picha mabega ya mtu. Silvesta alipigwa picha paji la uso akiwa dukani kwake, akauliza kulikoni, akaambiwa ni kwa ajili ya kulinganisha, akaridhika. Zote akazichapa ndogondogo akazibandika ukutani nyuma ya kitambaa cha bluu. Nikawa nashona sare nikitazamwa na masikio.

Mwisho wa Julai akachora, na mimi nikaona ni kazi nzuri sana. Mzee wa heshima, paji lina mikunjo, macho ya busara, shingo imesimama. Nikamwambia hapo pamekwisha, peleka. Akaenda nayo Mawengi asubuhi, jioni akarudi nayo, akanisimulia akinywa chai. Mama Telesia aliisogelea turubai, akaitazama, akapiga goti kidogo kama mkwe, akasema huyu ni baba mkwe wangu, na amependeza.

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Oktavia hakucheka. Akachukua daftari akaanza kusoma tangu mwanzo, na ukurasa wa kwanza tu akasimama. Alikuwa ameandika mzee Yonathani. Ukurasa wa pili, mzee. Silvesta alimwita mzee wetu, sisi tulimwita marehemu mzee, huku kwetu baba wa mtu mwenye mvi utamwitaje zaidi ya hapo? Mkono wa Oktavia ukafuata mdomo. Yonathani alikufa na miaka thelathini na moja. Tulimheshimu kijana wa watu mpaka tukamzeesha.

Akapaka rangi nyeupe juu ya kazi yote. Siku kumi na mbili zilikuwa zimebaki. Nilimgombeza, nasema kweli, nilimwambia atatuaibisha wote wawili na sare zangu zitaonekana bure. Yeye akatoka na kamera kwenda stendi, kwa vijana wanaopakia magunia ya viazi, akawauliza umri mmoja mmoja. Wenye miaka thelathini, thelathini na moja, aliwapiga picha shingo na mashavu. Walimpigia miluzi, wakamwita shemeji, hakujali. Akarudi akaniambia kwamba katika umri ule mwili bado haujui kama una mwisho. Tangu siku hiyo nikaanza kuiombea ile picha asubuhi ninapofungua mlango.

Siku ya msalaba ilikuwa na upepo wa kukata masikio. Misa ikasomwa kaburini, msalaba ukasimikwa, watu wakarudi nyumbani kula. Picha ilikuwa uani juu ya viti viwili, imefunikwa kipande cha kitenge kilichobaki kwenye sare. Mama Telesia alikaa mbele kabisa. Gauni lake nilikuwa nimelitia bitana ya sufu, hilo nalisema kwa kujisifu.

Nikamnong'oneza Oktavia, je, amewaambia? Oktavia akaenda akainama sikioni kwa mama. Nilikuwa nyuma yake, nilisikia vyote. Mama akasema bado. Oktavia akasema kama bado, picha haifunuliwi, tutasema rangi haijakauka. Akawa anageuka, mama akamshika mkono.

"Funua," akasema. "Nikimwona nitapata nguvu ya kusema."

Oktavia alibaki ameinama pale. Najua alivyo mgumu, sijawahi kumwona akivunja sharti lake kwa mtu yeyote, tajiri wala maskini. Kisha akamwashiria Silvesta aje, na Silvesta kwa mkono wake mwenyewe akavuta kitenge.

Alikuwa kijana. Hana koti, hana kofia, yuko na shati jepesi limefunguliwa kifungo cha juu, mrefu, shingo imeungua jua. Macho ameyapeleka pembeni kidogo, na mdomo uko wazi kiasi cha kuonyesha mwanya, kama mtu aliyeulizwa jambo na bado anatafuta jibu la kukwepa. Watu wakasema aa. Silvesta alisimama na kitenge mkononi.

"Dada, huyu ni nani?" akauliza kwa sauti ya chini. "Baba yangu yuko wapi?"

Oktavia alimtazama mama Telesia. Mama akainuka. Akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa turubai, akaweka kiganja kwenye shavu la kijana, akakitembeza mpaka sikioni, akarudi kwenye mwanya. Kisha akacheka, kicheko cha msichana, na machozi yakimtoka akamwambia maneno kwa Kipangwa, lugha ya kwao, ambayo Scholastica mpaka leo amekataa kunitafsiria.

Akageuka kwa wanawe. Akawaambia kwamba yule wa koti hamjui, hajawahi kumjua, alikuja kwa makosa ya mpiga picha. Alinyamaza kwa sababu walimpenda. Akawaomba msamaha mbele ya watu wote, akasema baba yao ni huyu hapa.

Scholastica alishajishika masikio, akiyalinganisha na ya kwenye picha. Silvesta akarudi nyuma hatua mbili, na nikaona hasira inampanda shingoni. Akamuuliza mama yake, sasa miaka yote ile yeye alikuwa anaongea na nani. Mimi nisiye na subira nilisubiri pale na baridi ile mpaka miguu ikafa ganzi, na hakuna mgeni aliyegusa sahani yake.

Mwisho Silvesta akasogea. Aliangalia paji la uso la yule kijana, akagusa la kwake, akafuata kwa kidole pale nywele zinapoanzia. Yule wa kwenye picha angeweza kuwa mwanawe wa kwanza. Silvesta akakunja kitenge vizuri akakiweka kwenye kiti, akaweka mikono nyuma kama mtoto wa shule, akainamisha kichwa chake chenye mvi.

"Shikamoo, baba."

Mama Telesia, kiganja kikiwa bado kwenye shavu la mume wake, ndiye aliyeitikia kwa niaba yake.

"Marahaba, mwanangu."